Adamu, Sokwe na Jirani

Mwaka 2006 Nairobi iligombana juu ya mifupa. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalikuwa yamefungwa kwa ukarabati, na viongozi wa makanisa ya kiinjili, Askofu Boniface Adoyo akiwa mbele yao, wakataka yatakapofunguliwa yule kijana wa Turkana asipewe mahali pa heshima. Kijana huyo ni kiunzi cha mifupa alichokigundua Kamoya Kimeu huko Nariokotome mwaka 1984: mvulana aliyekufa kabla ya kumaliza kukua, yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Askofu aliona kwamba kumweka mbele ni kuwafundisha watoto wa Kenya kuwa wao ni uzao wa nyani. Richard Leakey, mtafiti wa mifupa ya kale, akajibu kwa ukali, magazeti yakapata habari. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 2008, watu wakaenda, wakatazama, wakarudi makwao.

Huku Masisi, mashariki ya Kongo, nako watu hugombania mifupa, ila si ya miaka milioni. Ni ya babu. Kaburi la babu yako liko wapi? Swali hilo huulizwa kwenye baraza la chifu, mbele ya hakimu wa kesi za mashamba, na wakati mwingine kwenye kizuizi cha barabarani na kijana mwenye bunduki. Ukijibu kwamba liko kwenye kilima hiki hiki, una hoja. Ukijibu kwamba liko ng'ambo ya mpaka, hoja inaanza kukuponyoka, hata kama wewe umezaliwa Bihambwe na wanao wamezaliwa Bihambwe. Anayetaka kuzungumza huku juu ya uumbaji na mageuko ya viumbe ajue mapema kwamba swali la nani alitoka wapi limekwisha kumwaga damu kabla yeye hajafika.

Mjadala wenyewe upo, ila unapita kwa upole. Vilima hivi vina Wakatoliki, Wabaptisti wa CBCA, Wapentekoste wa CEPAC, na Waadventista wanaoitunza Sabato. Shule nyingi zinasimamiwa na makanisa: kwa mkataba wa 1977 serikali ilibeba mzigo wa mishahara na makanisa yakabeba usimamizi, na kila mzazi aliyechangishwa prime, yaani nyongeza ya mshahara wa mwalimu, anajua mzigo ule uliishia mgongoni mwa nani. Ndiyo maana mwalimu wa biolojia anayechora ubaoni mti wa ukoo wa viumbe anaweza kuwa chini ya mchungaji anayehubiri siku sita za saa 24. Wanasalimiana vizuri asubuhi, kila mmoja anaenda kwenye kazi yake. Tatizo linazuka pale mwanafunzi anapoinua mkono: mwalimu, kama tulitoka kwa nyani, mbona nyani wa leo hawageuki watu? Darasa linacheka. Mwalimu mwoga anasema hiyo ni ya mtihani, andika tu.

Jibu hilo naliona baya kuliko mahubiri yoyote ya siku sita. Linamfundisha mtoto kwamba elimu ni kitu cha kuandika bila kuamini, na imani ni kitu cha kuamini bila kuuliza. Mtoto huyo atakapokua na kuambiwa jambo la hatari juu ya asili ya jirani yake, hatakuwa na chombo cha kulipimia.

Na chombo kipo, tena karibu. Bihambwe ni jirani wa Rubaya, mji ambao waasi wa M23 waliuteka mwaka 2024 na ambao machimbo yake hukadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia nzima. Mchimbaji akishaosha udongo wake kwenye maji yanayotiririka, uchafu unakwenda na maji, na punje nyeusi za koltani, madini yenye tantalamu hiyo, zinabaki chini kwa uzito wake. Mimina kiasi cha kijiko kwenye kiganja chako: mkono unashuka kidogo, maana macho yalitazamia mchanga na mkono umepokea kitu kama chuma. Ndani ya punje hizo mna urani kidogo. Wanunuzi wanaijua, kwa kuwa ndiyo inayofanya shehena ya koltani ipimwe mionzi kabla ya kusafirishwa. Urani haitulii. Polepole inageuka kuwa risasi, kwa mwendo ambao mvua, joto wala vita haviuharakishi: nusu ya ile ya kawaida huchukua kama miaka bilioni 4.5 kugeuka. Anayepima urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa anajua punje ina umri gani. Wanajiolojia waliipima hivyo koltani ya Gatumba, upande wa Rwanda, iliyo katika ukanda ule ule wa miamba, wakapata umri wa miaka kati ya milioni 930 na milioni 980.

Askofu mkuu James Ussher wa Ireland, mwaka 1650, alijumlisha umri wa mababu wa Biblia na kufikia hitimisho kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Hadi leo wako wanaoishi na hesabu hiyo, au nyingine iliyo karibu nayo. Mimi sioni namna ya kuipatanisha na zile punje. Mhubiri anayetangaza miaka 6,000 kwa simu yake huenda ameshika mkononi, ndani ya simu hiyo, madini yanayotoka kwenye miamba inayomkanusha.

Si lazima imani ifie hapo. Mwaka 1950 Papa Pius XII aliwaruhusu wataalamu wa Kikatoliki kuchunguza asili ya mwili wa binadamu katika viumbe vilivyotangulia, mradi roho ibaki kazi ya Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Yohane Paulo II alikiri kwamba mageuko yamekwisha kuwa zaidi ya dhana tu. Na mtu aliyependekeza kwanza kwamba ulimwengu wote ulianza kutoka kitu kimoja kidogo kisha ukatanuka alikuwa padri, Mbelgiji Georges Lemaître. Padri huyo aliendelea kusoma misa asubuhi na kupiga hesabu mchana.

Yule mwanafunzi naye anadai jibu lake. Kwenye misitu ya Walikale, magharibi ya hapa, yupo gorila wa Grauer, ambaye hapatikani popote duniani ila mashariki ya Kongo. Sayansi haisemi kwamba huyo ni babu yetu. Inasema sisi na yeye tulikuwa na wazee wamoja, yapata miaka milioni 10 iliyopita, kisha kila upande ukashika njia yake. Mtoto wa shangazi hageuki kuwa wewe hata mkae nyumba moja miaka 50, na hana sababu ya kugeuka. Charles Darwin aliandika mwaka 1871 kwamba huenda wazee wetu wa kale waliishi Afrika, kwa kuwa gorila na sokwe mtu, jamaa zetu wa karibu kuliko wote, wanaishi huku. Jamaa yetu huyo wa Walikale sasa anakwisha. Mwaka 2016 gorila wa Grauer aliingizwa katika daraja la viumbe walio ukingoni mwa kutoweka, na sababu mojawapo ni nyama ya porini inayolisha kambi za wachimba madini.

Lakini anayekasirika akiambiwa kwamba ana undugu na sokwe hakasiriki bure. Mkongomani ana kumbukumbu. Katika Kongo ya Wabelgiji macaque, yaani nyani, lilikuwa tusi la kila siku, na wazee waliolisikia mashambani na migodini hawakuhitaji kamusi. Na kabla ya tusi palikuwa na kizimba.

Mwaka 1904 Mmarekani Samuel Phillips Verner, aliyewahi kuwa mmisionari, alikuja Kongo ya Leopold kutafuta watu wafupi wa msituni wa kupelekwa kwenye maonyesho ya dunia huko St. Louis. Alimnunua kijana wa Kimbuti, Ota Benga, kutoka kwa watu waliokuwa wamemteka. Baada ya safari nyingi kijana huyo akaishia New York, na Septemba 1906 mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Bronx, William Hornaday, akamweka katika nyumba ya nyani, pamoja na orangutani. Kibao kilitaja umri wake, urefu wake, uzito wake na jina la aliyemleta, kama anavyoandikiwa chui. Watu walifika kwa maelfu. Walicheka, walimfuata, walimchokoa.

Waliosimama kumtetea walikuwa wachungaji Weusi wa Kibaptisti, wakiongozwa na James H. Gordon, msimamizi wa kituo cha watoto yatima cha Brooklyn. Hoja zao zilikuwa mbili zilizofungwa kamba moja: kwamba ni fedheha kumweka binadamu pamoja na masokwe, na kwamba maonyesho yale yalikusudia kuithibitisha nadharia ya Darwin, ambayo wao kama Wakristo hawakuikubali. Kabla ya mwezi kwisha Ota Benga alitolewa na kukabidhiwa kituo cha Gordon. Baadaye akahamia Lynchburg, Virginia, akasoma kidogo, akafanya kazi kwenye kiwanda cha tumbaku, akitamani kurudi kwao. Vita Kuu ikaziba njia. Tarehe 20 Machi 1916 akajipiga risasi. Mwaka huo huo Madison Grant, katibu wa jumuiya iliyoendesha bustani ile, alichapisha kitabu cha kuitukuza damu ya Ulaya ya Kaskazini, na Wanazi wakaja kukipenda.

Kisa hiki nakirudia mara kwa mara kwa sababu hakikubali kugawanywa kirahisi. Kuhusu umri wa dunia na ujamaa wa viumbe, Hornaday alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko wachungaji wale. Kuhusu Ota Benga, wao ndio walioona sawasawa, naye hakuona kitu. Zaidi ya hapo, hata kwa kipimo cha Darwin mwenyewe Hornaday alikosea. Aliugeuza mti kuwa ngazi, akamweka Mwafrika kwenye kipandio cha katikati, kati ya nyani na yeye mwenye bustani. Kwenye mti wa viumbe watu wote wanakaa tawi moja. Ota Benga hakuwa karibu na orangutani yule kuliko Hornaday, hata kwa unywele.

Biblia nayo haikutoka safi mikononi mwa watu. Sura ya 9 ya kitabu cha Mwanzo inasimulia Nuhu alivyomlaani Kanaani, mwana wa Hamu. Haimtaji mtu mweusi, wala haimlaani Hamu mwenyewe. Hata hivyo kwa karne nyingi wauza watumwa na watetezi wao waliisomba laana ile kutoka kwa Kanaani wakaitua juu ya Afrika nzima. Karne ya 19 ikaigeuza tena. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha 1863, alidai kwamba watawala wafugaji wa nchi za maziwa makuu walikuwa wageni wa damu bora kutoka Ethiopia. Wengine wakaja nyuma yake na jina la Wahamiti, kisha na vyombo vya kupimia pua na mafuvu, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakagawa vitambulisho vya kabila katika Rwanda. Waliosema kwamba Biblia na sayansi ni maadui wangeshangaa kuona zilivyoketi meza moja, mwana wa Nuhu huku, rula ya daktari kule, zikikubaliana neno kwa neno.

Wala masimulizi yetu wenyewe hayakuwa na usafi zaidi. Katika Rwanda ya wafalme palikuwa na hadithi ya ndugu watatu, Gatwa, Gahutu na Gatutsi, waliopewa kila mmoja chombo cha maziwa akilinde usiku kucha. Wa kwanza aliyanywa, wa pili akayamwaga, wa tatu akayafikisha asubuhi, naye akapewa utawala. Hii nayo ni hadithi ya uumbaji. Inaanza na baba mmoja, na kabla hakujapambazuka imekwisha kupanga nani atamtumikia nani.

Mizigo yote hii ilipanda vilima vya Masisi. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji ulihamisha watu wapatao 85,000 kutoka Rwanda hadi huku, kwenye ardhi ya Wahunde, kwa kuwa Rwanda ilionekana imejaa na mashamba ya wazungu wa Kivu yalitaka mikono. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe siku ya kwanza, na miaka 80 baadaye wajukuu wao bado wanaitwa wageni. Wahunde nao hawakuulizwa kama wanapokea wageni, na ardhi iliyotolewa ilikuwa yao. Kila upande una haki ya kulalamika, na Mbelgiji aliyepanga yote hakubaki kusikiliza.

Kisha dola ikaandika kitabu chake cha Mwanzo. Sheria ya 1972 iliwapa uraia waliotoka Rwanda na Burundi na kukaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikaufuta, ikataka mtu aonyeshe kwamba mzee wake mmoja ni wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Agosti 1885. Mipaka yenyewe ilikuwa imechorwa Ulaya na watu ambao wengi wao hawajawahi kuiona Kongo. Ussher alikuwa na mwaka wake 4004, Kinshasa nayo ikapata wake. Tarehe 20 Machi 1993 mauaji yalianzia soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi, na maelfu walikufa kabla mwaka haujaisha, Wahunde, Wanyanga na Banyarwanda. Sheria ya 2004 ikasogeza tarehe hadi siku ya uhuru, 1960. Tarehe ya uumbaji inayoweza kusogezwa na bunge ni dhaifu kuliko ile ya askofu yeyote, lakini hii ndiyo iliyowapa watu mapanga.

Tukiamua basi kusikiliza shahidi wa zamani kabisa, tuende mpaka mwisho. Katika jimbo hili hili la Kivu ya Kaskazini, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua Ishango mwaka 1950 mfupa wenye mikato iliyopangwa kama hesabu, wenye umri wa miaka kama 20,000. Katanda, kwenye mto Semliki, Alison Brooks na John Yellen walipata vyusa vya mfupa vyenye meno, vya kuvulia samaki wakubwa, wakavikadiria kuwa na miaka 90,000. Mvuvi yule hakuwa Muhunde, Mnyanga, Mhutu, Mtutsi wala Mnande. Makabila hayo yote hayakuwapo, wala lugha zao. Nasi sote tuliopo leo, wa Bihambwe na wa Brussels, tunatokana na watu wa Afrika wa kadiri ya miaka 300,000 iliyopita. Watu wawili wowote hulingana kwa asilimia kama 99.9 ya maandishi ya chembe zao, na sehemu kubwa ya tofauti inayobaki iko ndani ya kila kundi, kati ya mtu na jirani yake wa kabila moja.

Tofauti ndogo zipo, na vilima hivi vya ng'ombe vinaonyesha mojawapo. Wanyama wanyonyeshao wengi, na watu wengi duniani, wakishakua huacha kumeng'enya sukari ya maziwa, wakiyanywa tumbo linawasumbua. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba kati ya jamii za wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan yalizuka mabadiliko ya urithi, ndani ya miaka 7,000 hivi iliyopita, yanayomruhusu mtu mzima kunywa maziwa bila shida, na kwamba yalizuka mbali na yale ya Ulaya. Aliyeweza kunywa aliokoka kiangazi, akazaa, akarithisha. Hayo ni mageuko, si ya mamilioni ya miaka bali ya juzi. Ile hadithi ya ndugu watatu iliyatumia maziwa kugawa utawala. Sayansi ikiyapima inapata kimeng'enya tumboni, basi.

Na kama kweli aliyetangulia ndiye mwenye haki yote, vilima vya Masisi na misitu ya Walikale virudishwe kwa Wambuti na Watwa, watu wa Ota Benga. Kila kabila linakubali kwamba wao walitangulia. Hakuna kabila linalowapa kiti kwenye mazungumzo ya ardhi. Hapo ndipo hoja ya nani alianza inapoonyesha sura yake: inatumika hadi inaponifikia mimi, kisha inasimama.

Nimekwisha kusema upande niliopo juu ya umri wa mawe na ujamaa wa viumbe, wala sitajifanya kwamba pande mbili zina ushahidi sawa. Hazina. Lakini mwenye ushahidi aliwahi kumfungia mtu kizimbani, na asiye nao akamfungulia. Kwa hiyo simdai mwalimu amshinde mchungaji. Nadai kila mmoja amalize somo lake. Mwalimu afundishe mageuko yote, pamoja na Bronx ya 1906, ili mtoto ajue nadharia sahihi inavyoweza kushikwa na mkono mchafu. Mchungaji ahubiri Mwanzo yote, pamoja na sura ya 9 na nani hasa alilaaniwa, halafu arudi sura ya 1, ambako anayeumbwa kwa mfano wa Mungu ni mtu, hajatajwa kabila lake wala tarehe aliyoingia. Wakitofautiana juu ya siku sita, watofautiane. Nairobi walitofautiana na wakaishi. Lakini atakayemaliza somo au mahubiri yake huku msikilizaji bado anaamini kwamba jirani ni wa mbegu nyingine, huyo hajafundisha Darwin wala hajahubiri Mwanzo.